Andika Ulichokiona

Somo la sayansi katika shule ya msingi laweza kufundishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya chaki na ubao: mwalimu huandika, watoto hunakili, na siku ya mtihani humrudishia kile alichowapa. Njia ya pili ni ya mikono: watoto hupewa uzi, jiwe, maji, mshumaa na kipimajoto, wakaambiwa watende, watazame, wapime, kisha waandike. Walimu wengi huisifu njia ya pili, na wakaguzi huidai katika ripoti zao. Lakini ndani ya njia hiyo umo mtihani mmoja usioandikwa katika muhtasari wa somo lolote. Nao ni huu: mtoto afanye nini pale macho yake yanaposema jambo moja na kitabu kinaposema jambo jingine?

Jibu la swali hilo ni zito kuliko lionekanavyo. Mtoto anayelazimishwa kufuta alichokiona ili aandike kilichomo kitabuni hajifunzi sayansi. Anajifunza kwamba ukweli ni mali ya mwenye cheo. Na mtoto huyo hakai darasani milele. Kesho atakuwa karani wa ghala, muuguzi wa zamu, au mtu aliyepewa kazi ya kusoma kipimamvua kila asubuhi. Samaki hukunjwa angali mbichi, na mkunjo wa namna hii, ukishakauka, haunyooki kwa semina ya siku mbili.

KISINGIZIO CHA VIFAA

Husemwa mara kwa mara kwamba majaribio hayafanyiki kwa sababu shule haina maabara. Neno hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Baada ya Vita Kuu ya Pili vya Dunia, shule nyingi za nchi zilizopigana zilikuwa magofu. Mwaka 1948 shirika la UNESCO lilitoa kijitabu kwa ajili ya walimu wa sayansi wa nchi zilizoharibiwa na vita, kikionyesha jinsi ya kufundisha kwa vifaa vinyonge vilivyokuwapo. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1956 kilitoka kitabu kikubwa zaidi cha majaribio mepesi, ambacho kilisambaa katika nchi nyingi za dunia. Mizani ya mti na vifuniko vya makopo, chupa iliyogeuzwa kuwa bilauri ya kupimia, kioo cha dirisha kilichovunjika: hivyo vilikuwa vifaa vya maabara, na mwanga ulipinda na maji yalipanda kwa sheria zilezile zinazotawala katika maabara ya chuo kikuu.

Kwa hiyo vifaa havikosekani kabisa. Kinachokosekana mara nyingi zaidi ni ujasiri wa kuyaacha majaribio yaseme.

JIWE NA UZI

Chukua mfano wa jaribio lisilogharimu hata senti. Mwalimu hupigilia msumari juu ya fremu ya mlango, kisha hufunga uzi wenye jiwe mwishoni, kama timazi ya fundi mwashi. Toka msumari hadi katikati ya jiwe iwe mita moja. Jiwe huvutwa kando kidogo, kadiri ya shibiri, likaachiliwa. Watoto huhesabu mizunguko kumi ya kwenda na kurudi, na mmoja hutazama mshale wa sekunde. Jibu huwa karibu sekunde 20.

Kabla ya kuendelea, mwalimu mwenye busara huuliza: tukifunga jiwe zito mara mbili, litakwenda upesi zaidi au polepole zaidi? Karibu darasa lote huinua mikono na kusema kwamba jiwe zito litakwenda upesi. Jiwe zito hufungwa kwa urefu uleule. Sekunde ni zilezile 20. Kisha uzi hufupishwa uwe robo mita. Wengi watadhani kwamba robo ya uzi itachukua robo ya muda, yaani sekunde tano. Saa husema 10. Ili muda upungue kwa nusu, urefu wapaswa kupungua kwa robo tatu. Ndiyo kanuni aliyoichunguza Galileo Galilei wa Italia, na ndiyo iliyomwezesha Christiaan Huygens wa Uholanzi kubuni saa ya pendulamu mwaka 1656.

Lakini faida kubwa zaidi ya jaribio hili haiko katika kanuni. Darasa likigawanywa katika vikundi vitano, kimoja kitapata sekunde 19, kingine 21, kingine 20 na nusu. Mkono ulichelewa kuachilia, jicho lilichelewa kuona, mmoja alianza kuhesabu kwa “moja” badala ya “sifuri”. Tofauti hizo si aibu. Ni sehemu ya upimaji, na mwanasayansi mkubwa hukutana nazo kila siku, kisha huchukua wastani wake. Vikundi vyote vitano vikileta sekunde 20 kamili, hapo ndipo mwalimu apaswapo kuingiwa na wasiwasi, kwa maana huenda kimoja kilipima na vinne vilichungulia.

MAJI YANAYOCHEMKA MAPEMA

Katika kitabu cha sayansi imeandikwa kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Watoto wa Dar es Salaam au Mombasa wakiweka kipimajoto katika sufuria inayotokota, watasoma karibu na 100, na kila mtu ataridhika. Lakini watoto wa Kigali, Bukavu au Nairobi wakifanya jaribio hilohilo kwa uangalifu uleule, watasoma takriban 95. Maji yanaruka na kutokota, mvuke umejaa chumba, na zebaki haisogei tena.

Hapo ndipo mtihani unapoanza. Mwalimu mmoja atasema kwamba kipimajoto ni kibovu, atawaamuru watoto waandike 100, na kipindi kitakwisha kwa amani. Mwalimu mwingine atasema: andikeni 95, kisha tutafute sababu.

Sababu ipo, tena ni nzuri. Watu wote huishi chini ya bahari ya hewa, na hewa hiyo ina uzito wake unaogandamiza kila kitu, pamoja na maji yaliyomo sufuriani. Ili maji yachemke, mapovu ya mvuke hayana budi kuushinda mgandamizo huo. Pwani, hewa iliyo juu ya sufuria ni nyingi, na mapovu huhitaji joto la digrii 100. Penye mwinuko, sehemu ya hewa imeachwa chini, mgandamizo umepungua, na mapovu hushinda mapema. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa takriban digrii moja. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mtoto akigawanya, atapata tano. Akitoa tano katika 100, atapata kile alichokisoma kwa macho yake mwenyewe. Furaha ya dakika hiyo haipatikani kwa kunakili.

Mama aliyetoka pwani akahamia nchi za juu huyajua haya bila kipimajoto. Maharagwe yaleyale sasa hukaa motoni muda mrefu zaidi. Huongeza mkaa, moto huwaka kwa kishindo, na maharagwe hayaivi upesi kwa sababu hiyo. Maji yanayochemka hayazidi kupata joto hata moto uongezwe, ila hukauka tu. Heri aloweke maharagwe usiku kucha, afunike sufuria vizuri, na apunguze moto maji yakishaanza kutokota. Kuhusu maji ya kunywa, yale ya nchi za juu huuawa vijidudu vyake vizuri tu yakiachwa yatokote: ushauri wa kiafya ni dakika moja, na dakika tatu kwa mahali palipozidi mita 2,000 hivi.

Hata hivyo, haki itendeke kwa pande zote. Yawezekana kweli kipimajoto ni kibovu. Namna ya kujua si kukitukana wala kukitii, bali ni kukijaribu. Kitiwe katika barafu inayoyeyuka, na kama ni kizima kitasoma sifuri. Penye uwezo, vitiwe vipimajoto vitatu katika sufuria moja. Jicho la mtoto si nabii asiyekosea, kama ambavyo kitabu si msahafu. Mashaka juu ya kipimo huondolewa kwa kupima tena.

MISHUMAA CHINI YA BILAURI

Lipo jaribio jingine lipendwalo sana, nalo ni la mshumaa. Mshumaa mfupi husimamishwa katikati ya sahani yenye maji, huwashwa, kisha hufunikwa kwa bilauri. Mwali hufifia na kuzimika, na maji hupanda ndani ya bilauri. Kwa miaka mingi watoto wameambiwa kwamba mshumaa umekula oksijeni yote, na kwa kuwa oksijeni ni karibu sehemu moja ya tano ya hewa, maji yamepanda kujaza nafasi iliyoachwa. Maelezo haya yamo katika vitabu vingi vya zamani. Ni mepesi, yanapendeza, na hayako sawa.

Watoto wenye macho makali huweza kuyaangusha wenyewe, endapo wataruhusiwa kutazama. Kwanza, wataona kwamba maji hayapandi sana wakati mwali unawaka. Hupanda kwa haraka baada ya mwali kuzimika. Kama oksijeni ilikuwa ikiliwa kidogokidogo, kwa nini maji yasipande kidogokidogo? Pili, bilauri inapofunikwa, mara nyingi mapovu ya hewa hutoroka ukingoni. Hewa inatoka, wala haiingii. Tatu, na hili ndilo pigo la mwisho: ikiwashwa mishumaa mitatu badala ya mmoja, chini ya bilauri ileile, maji hupanda juu zaidi. Bilauri haikukua, na oksijeni iliyomo haikuongezeka kwa kuongezeka mishumaa.

Lililoongezeka ni joto. Mwali huipasha hewa, hewa hutanuka, na sehemu yake hutoroka. Mwali ukizimika, hewa iliyobaki hupoa na kusinyaa, mvuke hugeuka matone ya maji, na hewa ya nje husukuma maji ya sahani yapande kujaza nafasi. Oksijeni iliyotumika, sehemu yake kubwa hurudi katika umbo la kaboni dioksaidi. Tena mshumaa hauimalizi oksijeni: hewa ya kawaida ina asilimia 21 hivi, na mwali huzimika ingali imebaki asilimia 16 hivi.

Mwalimu aliyefundisha maelezo ya zamani kwa miaka kumi, akaulizwa na mtoto wa darasa la sita kuhusu mapovu yale, anakabiliwa na jambo gumu. Aweza kumwambia mtoto akae chini. Aweza pia kusema mbele ya watoto arobaini, “Swali lako ni zuri, leteni mishumaa mingine miwili.” Heshima yake haipungui kwa kusema hivyo. Watoto humheshimu anayejua, lakini humwamini zaidi anayetaka kujua.

SWALI LA MPEMBA

Habari ya mwanafunzi mmoja wa Tanganyika yafaa isimuliwe katika kila chuo cha ualimu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wavulana wa shule walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia katika jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Mwenzake mmoja alitia mchanganyiko wake bila kuuchemsha, naye Mpemba, akichelea kukosa nafasi, akatia wake ungali wa moto. Baada ya saa moja na nusu, wa Mpemba ulikuwa umeganda, na wa mwenzake bado ulikuwa uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye aliongea na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba wauzaji huko hutia vitu vikiwa vya moto makusudi ili vigande upesi. Alipoingia Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na mwalimu akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo wanafunzi walipata neno la kumcheka: kila alipokosea hesabu, ilikuwa hesabu ya Mpemba.

Hata hivyo hakunyamaza. Alipoikuta maabara ya biolojia iko wazi, alijaribu mwenyewe kwa vyombo viwili vidogo vya maji. Na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipofika shuleni kutoa mhadhara, Mpemba aliinuka akamwuliza swali lilelile. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo hilo, na aliporudi alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, lakini akaongeza kwamba wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Msomaji ayatafakari maneno ya fundi huyo. Si mtu mbaya, wala si mvivu. Alikwisha kuona kwa macho yake, na bado alidhani kwamba kazi yake ni kurudia mpaka macho yakubaliane na alichofundishwa. Ni maradhi yaleyale ya mtoto anayefuta 95 na kuandika 100.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza, na tangu hapo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba duniani kote. Ilibainika pia kwamba Aristotle, Mgiriki wa kale, aliwahi kuandika habari kama hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wala mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza, Henry Burridge na Paul Linden, walitangaza kwamba walirudia vipimo kwa uangalifu mkubwa bila kupata ushahidi wa kutosha, na kwamba hata kuhamisha kipimajoto kidogo tu ndani ya chombo huweza kubadili matokeo. Wengine hawajakubaliana nao. Hayo hayamwondolei Mpemba sifa yake. Hakusema kwamba anajua kwa nini. Alisema tu kile alichokiona, akaomba kipimwe.

KUTOKA DARASANI HADI OFISINI

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya mishumaa na mawe, na taifa lina matatizo makubwa zaidi. Lakini matatizo mengi ya taifa huanzia katika tarakimu moja iliyoandikwa na mtu mmoja aliyekuwa peke yake. Msoma kipimamvua aliyeona mvua asubuhi, akasita kutoka nje, akaandika kipimo cha jana. Muuguzi aliyeandika joto la mgonjwa bila kumpima. Karani aliyehesabu magunia 90, akaandika 100 kwa kuwa ripoti ya mwezi uliopita ilisema 100 na mkuu wake hapendi maswali. Tarakimu hizo hupanda ngazi toka ofisi hadi ofisi, hujumlishwa, huchapishwa vizuri, na mwishowe mbegu hupelekwa pasipo na mvua na chakula hutafutwa ghalani kisipatikane. Njia ya mwongo ni fupi, lakini wanaoumia mwishoni mwake si lazima awe mwongo mwenyewe.

Hakuna sheria ya utumishi iwezayo kumsimamia kila mtu kila asubuhi penye kipimo chake. Linalomsimamia ni tabia aliyojengewa akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, penseli mkononi, mbele ya sufuria inayotokota.

KAZI YA WALIMU NA WAZAZI

Kwa mwalimu, lililo jema ni kuugawa ukurasa wa daftari la mtoto katika sehemu tatu: nilivyodhani, nilichokiona, na sababu ninayoifikiri. Sehemu ya kwanza iandikwe kwa wino kabla jaribio halijaanza, wala isifutwe hata ikiwa na kosa. Alama zitolewe kwa uaminifu wa sehemu ya pili, hata pale sehemu ya tatu inapokuwa dhaifu. Mtoto akijua kwamba hatapoteza alama kwa kuandika 95, ataandika 95.

Kwa mzazi, jikoni ni maabara tosha. Yai bichi huzama katika maji matupu, na hupanda maji yakikolezwa chumvi ya kutosha. Mtoto ahesabu vijiko mpaka lielee. Bilauri iliyojaa maji hadi ukingoni, ikafunikwa kwa kadi ngumu, yaweza kupinduliwa juu ya beseni na maji yasimwagike. Kazi ya moto, ya maji yanayochemka na ya mishumaa ifanywe na mtu mzima akiwa karibu, na umeme wa ukutani usichezewe kamwe. Tena mtoto akileta swali ambalo baba au mama halijui, asifukuzwe kwa kuambiwa kwamba anasumbua. Kuuliza si ujinga. Aambiwe aandike swali lake, na wakati wa kupika jioni walijaribu pamoja, wakiwa na saa, kijiko na kipande cha karatasi.